Gari Linalongoja Maji Yajae

Kivuko cha asubuhi kilikuwa kimeshajaa, na honi ya kuondoka ilikuwa imeshapigwa, gari jekundu lilipokwama mlangoni. Lilikuwa gari la michezo la viti viwili, la chini mno, paa lake likimfikia mtu mzima kiunoni. Magurudumu ya mbele yalikuwa ndani ya kivuko, ya nyuma yalikuwa bado nchi kavu, na tumbo lilikuwa limekalia pale ulimi wa chuma wa kivuko unapokutana na saruji. Haliendi mbele, halirudi nyuma. Kivuko nacho hakiwezi kuinua ulimi wake kikaondoka. Watu waliokuwa wakiwahi kazini ng'ambo ya pili, mjini, wakabaki wanaangalia saa zao na lile gari, kisha saa zao tena.

Mpanga magari alimwomba dereva ashuke ili gari lipungue uzito. Dereva akatikisa kichwa nyuma ya kioo. Akaombwa tena, safari hii bila adabu. Akatikisa kichwa tena. Minong'ono ikaanza. Mmoja alisema bwana mkubwa anaogopa kuchafua viatu. Mwingine akasema gari lenyewe limekaa kama ndala, na jina hilo likalishika palepale: Ndala.

Katika waliochelewa alikuwamo mwanamke mmoja aliyevaa suti nyeusi isiyo na ua wala kifungo cha kung'aa, nywele amezibana nyuma, kidani hana, bangili hana. Hakuvaa hivyo kwa sababu ya msiba. Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama mahakamani, na mkalimani wa alama huvaa nguo iliyotulia ili macho ya watu yabaki kwenye mikono yake. Asubuhi ile mzee mmoja asiyesikia alikuwa atoe ushahidi katika kesi ya kiwanja chake. Bila mkalimani, mzee angesimama mbele ya hakimu kama mtu anayezungumza na ukuta.

Alipita katikati ya watu, akainama, akagonga kioo. Kioo kikashuka. Ndani alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe limenyooshwa pasi ya nguvu, mikono misafi, uso wa mtu anayetamani ardhi ipasuke immeze.

"Kaka, umeombwa ushuke."

"Nimesikia, dada. Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Alitazama usukani. "Chukulia kwamba sitaki."

"Hata bibi harusi akifika mlangoni hushuka. Wewe unataka kubebwa?"

Na kweli akabebwa. Wanaume wakajipanga ubavuni, wakaingiza mbao chini, wakahesabu, wakaliinua gari pamoja na mwenyewe ndani, huku wakimtukana kwa pamoja. Kivuko kikaondoka. Mwanamke akabaki ameegemea ukingo, akichemka kama sufuria lililofunikwa.

Walipofika mjini, gari likashushwa kwa mbao zile zile. Foleni ya teksi ilikuwa imezunguka jengo la gati. Gari jekundu likasimama mbele ya mkalimani. Yule mwanamume akamwambia kwamba yeye ndiye aliyemchelewesha, kwa hiyo amruhusu amfikishe. Mkalimani alikuwa ameshaapa moyoni kwamba hatamjibu mtu yule hadi kiama, lakini mahakama haina habari na viapo. Akaingia. Alipokaa alihisi amekaa barabarani kabisa. Magurudumu ya malori yalikuwa sawa na masikio yake.

Alichelewa hivyo hivyo. Kesi ilikuwa imeahirishwa, na yule mzee alikuwa ameonyeshwa mlango kwa kidole, kama anavyofukuzwa paka. Mkalimani alimkuta kibarazani amefura kwa hasira, akakaa naye mpaka mchana, akimweleza kwa mikono kwamba kosa si lake, na siku nyingine itapangwa. Alipotoka nje, gari jekundu lilikuwa bado lipo chini ya kivuli cha jengo. Yule mwanamume hakuwa ameondoka. Akauliza ilikuwaje. Mkalimani akamweleza yote, na hakumpunguzia hata kidogo.

"Nisamehe," alisema. "Na huyo mzee, mwombe anisamehe."

Mkalimani alingoja neno "lakini". Halikuja. Maishani mwake alikuwa ameombwa radhi na wanaume wengi, na kila mmoja alikuwa na "lakini" yake mfukoni. Ndicho kilichomfanya ampe namba ya simu.

Mwanamume alikuwa fundi wa meno ya bandia. Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma katika kliniki ya meno pale mjini, chumba chenye vumbi la plasta na harufu ya nta, na rafu iliyopangwa vinywa vya watu vikicheka bila watu wenyewe. Siku za kazi walikula chakula cha mchana mgahawani karibu na mahakama. Kila mkalimani alipofika, fundi alikuwa ameshafika zamani, ameketi meza ya pembeni, mguu mmoja ameunyoosha chini ya meza. Na walipomaliza, alimwambia atangulie, yeye anamalizia chai. Mkalimani aliona ni ustaarabu. Kwamba anachechemea kidogo alijua; fundi mwenyewe alimwambia siku za mwanzo, kwa kicheko, kwamba aliumia goti mpirani ujanani, na hapo hapo akabadili mazungumzo.

Kwenye simu ndiko mapenzi yalikokolea.

"Unafanya nini, Fundi?"

"Nang'arisha tabasamu la mtu."

"La mwanamke?"

"La babu mmoja. Atakuwa na meno mazuri kuliko yako."

"Basi mwambie aje kwetu kuposa."

"Nayavunja sasa hivi."

Mkalimani alicheka peke yake kitandani, simu ikiwa imemwunguza sikio. Mama yake, aliyelala kitanda kimoja naye na ambaye hakusikia tangu utotoni, alihisi kitanda kinatikisika. Akawasha taa, akauliza kwa mikono kama ni huyu huyu tena. Ni huyu huyu, mama. Basi aje nimwone, mama akasema, kabla macho yangu hayajaisha. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umeanza kumfunika macho yote mawili, na kwa mtu anayesikia kwa macho, hilo lilikuwa jambo la kutisha.

Hapo ndipo tabu ilipoanza.

Gari lile lilipanda kivuko wakati mmoja tu: maji yakiwa yamejaa. Maji yakijaa, kivuko huinuka, ulimi wake hulala sawa na saruji, na Ndala huingia bila kugusa. Maji yakitoka, kivuko hushuka na ulimi huwa mteremko mkali. Gari la chini namna ile lingeacha tumbo lake pale, kama siku ile ya kwanza, fundi alipokuwa akirudi mjini kutoka kwa mteja bila kungoja maji. Kwa hiyo mapenzi ya ng'ambo yakawa yanakwenda kwa saa ya maji. Jumapili moja fundi alialikwa mchana, akafika alasiri, wali umeshika ukoko na mchuzi umeganda. Jumapili nyingine alifika mapema, na kabla hajala akaanza kuchungulia dirishani, kwa kuwa maji yangetoka angekwama hadi kesho. Mama mtu, ambaye humpa kila mtu jina la mkono, alimpa la kwake: kiganja kilichofunuliwa, kikiteleza juu ya meza karibu kuigusa, kama gari lake. Jina lilichekesha nyumba nzima. Lakini mkalimani alikuwa ameanza kuchoka kucheka.

Alimwambia mara nyingi, kwanza kwa utani, kisha bila utani: liache hilo gari mjini, panda kivuko kama watu wengine. Kuvuka bila gari ni dakika chache, na nyumba si mbali na gati. Fundi alijibu kila mara kwa namna yake. Mara anapenda kuendesha. Mara gari likiachwa gatini litaibiwa vioo. Mara alimbusu tu, asijibu. Mkalimani alianza kusema na mashoga zake kwamba ana mke mwenza, na mke mwenza mwenyewe ana magurudumu manne, na ndiye mkubwa.

Sasa ukweli ulikuwa hivi. Goti la kushoto la fundi halikukunjika hata kidogo. Madaktari walikuwa wamelifunga kwa vyuma, na tangu hapo mguu ulikuwa umenyooka kama mwiko. Kwenye gari la kawaida haukuwa na pa kukaa. Kwenye basi alilipia siti mbili ili akae kiubavu kama mzigo. Lile gari la michezo, ambalo mtu hukaa chini na miguu imetandikwa mbele, ndilo gari pekee alilokaa kama mwanamume mwenye heshima zake. Hakupenda mwendo kasi. Alipenda kukaa. Na kutoka ndani yake penye mteremko, mbele za watu, alipaswa kutanguliza mikono chini kama mtoto anayetambaa. Ndiyo maana siku ile alikubali kutukanwa na kivuko kizima.

Kuhusu kupanda kwa miguu: aliwahi, miaka ya nyuma. Maji yalikuwa yametoka, ulimi wa kivuko una utelezi wa mwani, watu wanasukumana. Alianguka, akateleza mpaka chini, na akasikia kicheko kilichozuka nyuma yake. Wanaume wawili walimwinua kwa makwapa, wakamweka kando kama gunia. Hakuumia popote. Lakini tangu siku ile hakukanyaga kivuko kwa miguu yake, na hakumwambia mtu kwa nini.

Siku ya upasuaji wa jicho la kwanza ikapangwa. Mkalimani alimwomba kitu kimoja tu: awepo hospitalini, kule ng'ambo, wakati mama anaingizwa. Jicho moja likifungwa, na la pili likiwa na ukungu, mama angekuwa gizani na kimya kwa pamoja, na mkalimani aliogopa kuliko alivyoonyesha. Fundi akaahidi. Aliahidi kwa moyo wote, na hakuangalia saa ya maji.

Asubuhi hiyo alipofika gatini, maji yalikuwa yametoka. Mpanga magari alimtazama, akatazama Ndala, akaelekeza kidole pembeni: kaa pale ungoje. Simu ikalia.

"Uko wapi? Wanamwandaa sasa."

"Niko gatini, mpenzi. Maji bado."

"Kivuko hakipo?"

"Kipo."

"Kinapakia?"

"Kinapakia."

"Basi panda. Liache gari, panda na watu. Utanikuta kabla hawajamwingiza."

Alikuwa anaona watu wakishuka ule ulimi, wanawake na vikapu, vijana wakikimbia. Aliuona utelezi unavyong'aa. Aliweka mkono kwenye mlango, akauondoa.

"Siwezi kuliacha gari," akasema.

Upande wa pili sauti ya nesi ilikuwa ikiita jina.

"Haya," alisema mkalimani. "Kaa nalo."

Fundi alifika jioni. Mama alikuwa ameshalala nyumbani, jicho limefunikwa, na mkalimani alikuwa amemaliza kutwa nzima akimchorea maneno kiganjani mwake, herufi moja moja, kumwambia yuko wapi na kwamba hajaachwa. Alitoka nje, akafunga mlango nyuma yake. Hakupiga kelele. Alimwambia hamtaki tena, kwamba mwanamke hawezi kushindana na bati, na hata angeshinda, ushindi gani huo. Mkalimani akangoja, maana bado alitaka kusikia kitu. Fundi akaondoka.

Wiki zilizofuata alipiga simu, haikupokelewa. Alikwenda kukaa mgahawani meza ile ile, akaona mhudumu anamhurumia, akaacha. Kazini aliharibu seti ya meno ya juu kwa kuiweka juu chini, na daktari wa kliniki akamwuliza kama anaumwa. Mkalimani naye alikuwa akitafsiri kesi za watu waliodanganyana, na mikono yake ilikuwa na ukali ambao hata hakimu aliuona. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakuweza kumchukia vizuri. Kila alipokaribia, alikumbuka ile "nisamehe" isiyo na mkia.

Siku moja fundi alikwenda mahakamani kumtafuta. Karani alimwambia dada hayupo, leo mama yake anafanyiwa jicho la pili. Fundi alisimama pale kidogo, kisha akaendesha hadi gatini. Maji yalikuwa yametoka, tena mbali. Akaliegesha gari, akalifunga, akashuka kwa jinsi yake, mikono chini kwanza. Watu walimtazama. Akaanza kutembea.

Juu ya ule ulimi alisimama. Akageuka ubavu, akashika mnyororo wa pembeni, akashusha mguu mzima, akauvuta ule wa mwiko. Hatua za mwanzo zilimkubali. Kisha kiatu kikateleza kwenye mwani, na alichokiogopa miaka yote kikaja kama kilivyokuja mara ya kwanza. Akaona heri aketi mwenyewe kuliko kuangushwa. Akakaa chini, kwenye tope na maji ya chumvi, akajisukuma kwa mikono mpaka chini, suruali yake safi ikifagia. Kuna mtu alicheka. Kuna mtu pia alimpa mkono, akaupokea. Kivuko kikaondoka, akasimama akishikilia nguzo, jasho likimtoka, akishangaa kwamba bado yuko hai.

Mkalimani alikuwa ameketi kwenye benchi la korido aliposikia hatua zisizolingana. Aliinua macho. Shati jeupe lilikuwa na alama za mikono yenye matope, na kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa kama mtu aliyefukuliwa.

"Umepata ajali," alisema, akasimama.

"Sikupata. Nimekuja kwa kivuko. Kwa miguu."

Akamweleza, amesimama, maana benchi lilikuwa jembamba na watu walipita. Alimweleza goti, vyuma, gari, ile siku ya kuanguka, na ile siku ya simu. Mkalimani alisikiliza mpaka mwisho. Fundi alitegemea machozi, au huruma, ambayo aliiogopa zaidi. Alichokipata ni hasira.

"Miezi yote hii," mkalimani alisema polepole, "umeniacha nigombane na gari. Nimelionea wivu gari. Nimewaambia watu kwamba nina mke mwenza. Ulidhani ningecheka?"

"Nilidhani ungenihurumia."

"Hiyo ni mbaya zaidi. Unakula na mimi kila siku, unajua mama yangu hasikii, unajua kazi yangu ni nini, halafu goti lako unalificha kwangu. Kwangu mimi, Fundi."

Mkalimani akageuka ukutani, mabega yakipanda na kushuka. Kisha akauliza, bila kugeuka, kama alijigonga mahali. Fundi akasema hakujigonga. Akamwambia basi akae, mguu auweke popote, asiyetaka kuuruka azunguke.

Mama alitolewa mchana, jicho jipya limefungwa, la kwanza likiwa limepona na kung'aa. Kwa jicho hilo alimtazama fundi kutoka kichwani hadi kwenye tope, akauliza kwa mikono kumetokea nini. Fundi akamgeukia mkalimani amtafsirie.

"Mwambie mwenyewe," mkalimani akasema. "Umeshakaa kimya vya kutosha."

Fundi alikuwa amejifunza alama chache tu, tena kwa kukosea. Akainua mkono, akafanya vidole viwili kuwa miguu ya mtu, kimoja kinakunjika, kingine kimenyooka. Akaelekeza kiganja cha pili kama mteremko. Vile vidole vikatembea, vikasita, vikaketi, vikateleza puu mpaka chini. Mama mtu akatazama, akaitazama suruali, akaangua kicheko, kile kicheko chake kikubwa asichokisikia mwenyewe, korido nzima ikageuka. Fundi alihisi uso unamwaka. Kisha akajikuta naye anacheka, mpaka akashika ukuta.

Walichukua teksi ya kwenda nyumbani. Mama alikaa mbele. Nyuma ikawa kazi: fundi aliingia kwa mgongo, akajiegemeza mlangoni, na mguu ukavuka siti nzima, hauna pengine pa kwenda isipokuwa mapajani mwa mkalimani. Kiatu chenye tope kikatua juu ya sketi yake safi. Fundi akaanza kuomba radhi. Mkalimani alimwambia anyamaze, akakishika kile kiatu kwa mikono yote miwili kisigongwe kwenye matuta. Dereva aliuliza kama aende taratibu. Akaambiwa aende taratibu.

Njiani fundi alisema kwamba anataka kumwoa. Alisema hivyo tu, akimtazama kutoka mwisho wa mguu wake, na akaongeza kwamba akikataliwa ataelewa, ila asiteremshwe kwanza, kwa kuwa peke yake hawezi kutoka humo.

Mama aliona kwenye kioo cha dereva kwamba midomo ya huyu imesema jambo zito. Akageuka, akauliza kwa kidevu: kasema nini?

Mkalimani alikiachia kiatu. Akainua mikono na kumjibu mama yake, kwa alama za haraka, ndefu kuliko zote ambazo fundi aliwahi kumwona akizitumia nyumbani. Alimwambia kwamba mtu huyu amemposa, kwamba bado amemkasirikia na ataendelea kumkasirikia wiki nzima, na kwamba amekubali. Mama akanyoosha mkono wake mzee kati ya viti, akalipiga lile goti la chuma vibao viwili vya upole, akageuka mbele.

"Umemwambia nini?" fundi akauliza.

Mkalimani alikishika tena kiatu, akatazama nje ya dirisha.

"Jifunze," alisema.